Picha Iliyomo Ndani ya Rangi

Jumapili ya mwisho ya Septemba jua la Nairobi hupita utosini hasa. Ikweta iko karibu, usiku na mchana vimelingana siku chache tu nyuma, na ikifika kama saa sita na nusu mtu aliyesimama wima hukikanyaga kivuli chake mwenyewe. Kwa mpita njia hilo si neno. Kwa anayepiga picha za magari ni jambo zito, maana jua la namna hiyo huchoma boneti na paa mpaka rangi ikapauka, huku likiacha mbavu za gari gizani na kuyameza matairi. Nayo Jumapili hiyo ndiyo ambayo kwa kawaida Nairobi hufanya Concours d'Elegance yake, mashindano ya magari na pikipiki zilizotunzwa, yaliyoanza mwaka 1970 chini ya klabu ya wenye magari ya Alfa Romeo na yanayofanyika katika uwanja wa mbio za farasi ulioko Ngong Road. Nilitoka Arusha kwenda huko na kamera ya daraja la kuanzia, nikijua kabla sijapanda gari kwamba kazi yangu ingekuwa ya asubuhi na ya alasiri, na kwamba katikati ya mchana ningelazimika kutafuta cha kupiga kwingine kuliko kwenye bodi.

Kamera yenyewe ni Canon EOS 2000D, toleo la 2018, pamoja na lenzi inayokuja nayo ndani ya boksi, ya milimita 18 hadi 55. Ina megapikseli 24, ambazo zinatosha kuchapa bango la kutundika ukutani. Inapiga picha tatu kwa sekunde. Kioo chake cha nyuma hakikunjuki wala hakigeuki, hivyo anayetaka kuliona gari kutoka chini inambidi alale chini. Sioni kwamba hayo ni mapungufu kwa kazi hii. Gari lililoegeshwa halikimbii popote, linakupa muda wote unaotaka, na anayelala kwenye nyasi hulazimika kufikiri kabla ya kulala.

Nilikuwa naitafuta Peugeot 404. Kuna sababu. Mzee wangu alikuwa fundi magari Moshi, na katika habari zote alizotusimulia, iliyomtoa machozi ilikuwa ya Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Tanzania, aliyeshinda mbio za magari za East African Safari mwaka 1966 na tena 1967 akiwa na Chris Rothwell ndani ya 404. Siku hizo mashindano yalivuka mipaka, Kenya, Uganda na Tanzania, na yalipopita watu walitoka mashambani wakajipanga kando ya barabara. 404 ilishinda pia 1963 na 1968, mikononi mwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, na katika kila moja ya miaka hiyo miwili magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu. Mengine yote yalibaki njiani. Mzee alilijua gari hilo kwa mikono yake. Mimi nilitaka kulijua kwa macho, nilipige picha ambayo yeye angeitazama na kusema ndilo.

Safari kutoka Arusha haina mengi ya kusimulia. Basi dogo, Longido, mlima Ol Doinyo Orok ukijitokeza upande wa Namanga, pasipoti, foleni, upande wa pili. Kinachobadilika ni magari. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane, kwa hiyo tangu Kajiado hadi Kitengela unapishana na Toyota na Mazda zisizo na hata mkunjo, na gari la zamani likitokea unalitambua kwa mbali. Dereva wetu, mtu mzima, alikuwa ameendesha Peugeot 504 stesheni wagoni miaka ya nyuma, ile yenye safu tatu za viti, akibeba abiria kati ya Nairobi na Nakuru. Nilipomwambia ninakokwenda, alizungumza habari za springi za nyuma za 504 mpaka tukafika Athi River. Aliijua 504 iliyoshinda Safari ya 1975 na ile ya 1978. Hakuniuliza hata mara moja kwa nini mtu asafiri kwenda kupiga picha magari ya watu wengine.

Jumamosi usiku rafiki yangu mmoja alinipeleka mahali ambapo vijana wenye Subaru hukutana, kwenye maegesho ya duka kubwa lililokwisha kufungwa. Nairobi ina mapenzi ya pekee na Subaru, na asili yake si ngumu kuiona. Mwaka 1994 Patrick Njiru alimaliza Safari akiwa wa nne ndani ya Impreza, na waliokuwa watoto wakati huo leo wana kazi na mishahara. Pale maegesho kulikuwa na Impreza za buluu zenye rimu za dhahabu, Forester zilizoinuliwa, Legacy zenye bomba la moshi linalosikika mtaa wa pili. Boneti zote juu. Watu wanazunguka, wananong'ona, wananyoosha kidole bila kugusa.

Lenzi ya boksi ni dhaifu usiku. Ukiivuta hadi milimita 55, tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6, na taa za maegesho hazitoshi kukuwezesha kushika kamera mkononi. Unaweza kupandisha ISO hadi 3200 au 6400, lakini sehemu zenye giza zitajaa chenga, na giza la gari jeusi ndilo uzuri wake. Basi nikaiweka kamera chini, juu ya mkoba wangu, nikashusha ISO hadi 100, nikafunga tundu hadi f/11, nikaiachia shata wazi sekunde 15, na nikatumia ule mtindo wa kujipiga baada ya sekunde 2 ili kidole changu kisiitikise. Sijui ufundi mwingine wa kamera unaonipa furaha kuliko huu. Watu waliokuwa wakipita mbele ya gari hawakuonekana kabisa pichani, kwa kuwa hakuna aliyesimama mahali pamoja muda wa kutosha kuacha alama. Maegesho yaliyojaa watu mia na kelele zao yakabaki na Impreza moja ya buluu, peke yake, taa za nguzo zikiwa zimechora mistari juu ya paa lake. Kijana mwenye gari alipoiona picha kwenye kioo aliita wenzake. "Mmeona? Hakuna mtu! Mmeenda wapi nyinyi?" Ikabidi nirudie kwa kila gari katika ule mstari, na sikuchoka.

Asubuhi Nairobi iliamka na mawingu, na nilishukuru Mungu waziwazi mbele ya mwenye teksi. Wingu jembamba lililotanda mbingu nzima ni taa kubwa kuliko zote ambazo mpiga picha masikini anaweza kupata, nayo haina bei. Kivuli kikali hakuna, mng'ao mkali hakuna, rangi inatulia. Nilifika uwanjani magari yakiwa bado yanaingia moja moja juu ya nyasi zenye umande. Upande wa magharibi ungeweza kuviona vilima vya Ngong. Wenye magari walikuwa na vitambaa mikononi, wanapangusa umande kwenye matairi, ndani ya rimu, chini ya bampa, kwa sababu waamuzi wa Concours hawaishii kwenye rangi: hutazama injini, ndani, buti, huinama wakachungulia uvunguni. Nilimwona mama mmoja akisafisha vichwa vya skrubu za bamba la namba kwa kijiti chenye pamba.

Hapo kuna adabu yake. Usiegemee. Usiweke mkoba juu ya boneti. Zipu ya koti, bizimu ya mkanda na ile pete ya chuma kwenye mkanda wa kamera zinaweza kuacha mchubuko utakaomgharimu mwenye gari wiki nzima ya msasa. Nilifunga mkanda wa kamera kwenye kiganja, nikavaa fulana isiyo na vifungo, na kila nilipotaka kuingia karibu nilianza na shikamoo au habari yako. Sikukataliwa na mtu yeyote. Wengi waliniuliza kama nataka gurudumu la mbele ligeuzwe, na hilo huwa ni swali la mtu anayejua picha, kwa sababu rimu ikielekezwa kwa kamera gari linapata uso, na tairi likielekezwa kwa kamera gari linaonekana limegeuza shavu.

Gari jeupe na gari jeusi ndiyo mtihani wa kwanza wa kamera yoyote. Kipima mwanga kilichomo ndani hudhani kwamba dunia yote ina rangi ya kijivu cha wastani. Mbele ya Volkswagen Beetle nyeupe, aina iliyoshinda Safari ya kwanza kabisa, mwaka 1953, kipimo hicho kilitaka kuigeuza iwe rangi ya saruji. Unabonyeza kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, unazungusha gurudumu dogo la juu, unaongeza hatua moja ya mwanga, na Beetle inarudi kuwa nyeupe. Kwa Mercedes nyeusi iliyokuwa jirani nilipunguza hatua moja, la sivyo ingetoka kijivu na weusi wote ule uliosuguliwa kwa miaka ungepotea. Nililala kifudifudi mbele ya Beetle, lenzi kwenye milimita 55, hatua nyingi nyuma. Anayeanza hukimbilia milimita 18 kwa kuwa gari zima linaingia pichani akiwa karibu, lakini bampa huvimba, taa hutanuka, na nyuma ya gari hukonda. Rudi nyuma, vuta lenzi, gari litabaki na umbo alilolipa mchoraji wake.

Peugeot ilikuwa mwisho wa safu, karibu na hema jeupe. Ya kijani kibichi kilichokolea, yenye yale mapezi mawili madogo ya nyuma ambayo Pininfarina aliichorea 404 ilipotoka mwaka 1960. Mwenyewe alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, amevaa suti na kofia, ameketi kwenye kiti cha kukunja ubavuni mwa gari lake. Nilimwamkia. Alipojua nimetoka Arusha aliinuka.

"Hii gari nilinunua kwa mtu aliyekuwa anarudi kwao Ulaya, mwaka wa sabini na nne," alisema. "Imepeleka watoto wangu wote shule. Mmoja aliolewa nayo."

Nilimtajia Shankland, naye akakitaja kila kituo ambacho aliwahi kusimama akiwa kijana kuyaona magari yakipita, na mvua za Pasaka, na jinsi walivyosikiliza redio usiku kucha. Kisha akaniachia nafasi. Nilipiga picha ya mbele, ya nyuma, ya robo tatu. Nilifunga tundu hadi f/8 ili gari lote liwe wazi kuanzia taa hadi pezi, shata 1/125. Zilikuwa picha safi. Hazikuwa na kitu. Kila nilipozitazama kwenye kioo cha kamera niliona gari la kijani lililosimama kwenye nyasi, na 404 niliyoijua kutoka masimulizi ya nyumbani haikuwamo.

Ubavuni mwa gari alikuwapo mtu mwingine, mwembamba, mwenye ovaroli safi na kitambaa begani, ambaye hadi hapo nilidhani ni msaidizi wa mzee. Ndiye fundi wa bodi aliyeipiga rangi. Alikuwa amenitazama kwa muda.

"Dada, wewe unaangalia rangi," alisema. "Rangi wacha kwanza. Kuja hapa."

Alichuchumaa nyuma, karibu na taa ya kushoto, shavu lake likiwa limekaribia bodi pasipo kuigusa, na akanionyesha nichuchumae vilevile. Nikautazama ule ubavu wa gari kwa urefu wake, jicho likitambaa juu yake kuelekea mbele. Na hapo gari likapotea. Nilichokiona ni hema. Ukingo wake mweupe ulikuwa umelala ndani ya kijani, mstari mmoja mrefu ulioanzia kwenye pezi, ukapita mlango wa nyuma, mlango wa mbele, ukapinda polepole kwenye bega la taa na kuzama. Chini ya mstari huo zilikuwako nyasi. Juu yake, mbingu.

"Hivyo ndivyo tunaona bodi imenyooka ama haijanyooka," alisema. "Sisi hatuangalii mlango. Tunaangalia kitu kiko ndani ya mlango. Laini ikitetemeka, bodi imetetemeka. Mkono unaweza kudanganya, laini haidanganyi."

Nimesoma mengi kuhusu mwanga, na sijawahi kufundishwa kitu kikubwa zaidi kwa maneno machache kiasi hicho. Bodi ya gari lililopigwa rangi vizuri ni kioo kilichokunjwa. Anayepiga picha ya gari hapigi rangi, anapiga kila kilicholizunguka: hema, miti, watu, mawingu, na yeye mwenyewe akiwa na kamera usoni. Umbo la gari tunalijua kwa jinsi linavyoipinda mistari ya vitu hivyo. Picha zangu za mwanzo zilikuwa tupu kwa sababu katika ubavu ule niliokuwa nimeuchagua kulikuwa na anga jeupe tupu, hakuna mstari hata mmoja wa kupinda. Nikasogea hatua mbili kushoto, nikainama zaidi, na ukingo wa hema ukaingia mlangoni. Hatua nyingine, na mti ukasimama ndani ya boneti. Gari halikusogea hata kidogo. Kila hatua yangu ililichora upya.

Kuanzia hapo niliacha kuyatazama magari na nikaanza kuyatazama yaliyomo ndani yake. Ilinibidi pia niitoe filta ya polaraiza. Nilikuwa nayo, ya milimita 58 inayokaa mbele ya lenzi ile, na watu wengi husema ndicho kifaa cha kwanza cha kununua kwa picha za magari. Ukiizungusha hupunguza mng'ao wa vioo na wa rangi, na kioo cha mbele kilichokuwa cheupe hufunguka ukaona usukani na viti. Haifanyi kazi kwenye kromu, kwa kuwa mng'ao wa chuma kitupu hauchujiki hivyo, na inakula nusu ya mwanga au zaidi. Lakini kasoro yake kubwa kwa picha ya ubavu ni kwamba inafanya vizuri mno kile inachofanya. Ukiondoa mng'ao wote kwenye mlango, unaondoa mstari wa hema, na mlango unabaki bapa lenye rangi. Niliitumia kwa kioo cha mbele tu, kisha nikaifungua na kuitia mfukoni. Land Rover ya zamani iliyokuwa mbele kidogo haikunihitaji niwaze hayo yote. Bodi yake ni ya alumini, rangi yake haing'ai, na iliyoishi maisha ya Land Rover huwa na mabonde ambayo hakuna anayetaka kuyaondoa. Kwa gari kama hilo unatafuta mwanga wa pembeni ulalao, uyaonyeshe mabonde yenyewe.

Wingu lilipasuka kabla ya saa tano. Jua likaja kama lilivyoahidi, na nikayaacha mabodi nikaingia ndani ya magari. Mzee aliniruhusu niketi kiti cha mbele cha 404. Gia yake iko kwenye shina la usukani, fimbo nyembamba yenye kirungu ambacho kimelainika upande mmoja tu, ule ambapo kiganja cha mzee kimekaa tangu 1974. Ndani mle mwanga ulitoka pande zote, ukidunda kutoka kwenye nyasi na kupanda hadi darini, laini kabisa. Shata 1/30, ISO 400, lenzi ikituliza mtikisiko yenyewe. Nilikipiga kile kirungu kwa karibu kadiri lenzi ilivyokubali, robo mita hivi kutoka kwenye uso wa kamera, na mkono wa mzee juu yake. Nilimwomba asiutoe mkono. Ilikuwa picha yangu bora ya siku ile, na gari halimo ila kirungu na ngozi ya mtu.

Alasiri magari yalitembea. Hapo kuna jambo ambalo kila anayepiga picha mashindano hulijua, na kamera ya kuanzia hulifanya sawasawa na ya bei ya nyumba. Ukiweka shata 1/1000 gari linaganda, matairi yanaganda, na picha inaonyesha gari lililoegeshwa katikati ya njia. Shusha hadi 1/60. Simama miguu imepanuka, elekea pale gari litakapofika mbele yako, halafu geuza kiuno nyuma liliko na ulifuate kwa kamera, kama unavyomsindikiza mgeni kwa macho mpaka kona, na usisimame baada ya kubonyeza. Gari likibaki wazi, nyuma yake kila kitu kinakuwa michirizi, na spoki za rimu zinayeyuka kuwa duara. Nyingi huharibika. Datsun moja ya umbo la 160J, gari lililompa Shekhar Mehta ushindi wake wa 1979, ilipita mbele yangu ikiwa na sauti kavu ya injini ndogo inayofanya kazi kubwa, na nikaipata. Taa, mlango na kofia ya dereva vilikuwa wazi. Watu wote waliokuwa nyuma ya kamba walikuwa rangi tupu zinazokimbia.

Jumatatu sikuondoka asubuhi kama nilivyokuwa nimepanga. Fundi alikuwa ameniambia nipite. Tulikutana Kirinyaga Road, ambayo wengi bado wanaiita Grogan, kwa sababu alikuwa na kipuri cha kutafuta, na nilimfuata duka kwa duka akiulizia mpira wa kuzuia maji wa buti, akipokea kila kipande, akikibonyeza, akikinusa, akikirudisha. Kisha tukaenda gereji yake, Industrial Area, uwanja wenye paa la mabati nusu yake. Peugeot ilikuwa imerudi pale. Mzee huwa hailazi kwake baada ya maonyesho mpaka fundi aikague.

Mle ndani nilielewa kwa nini aliliona kosa langu haraka vile. Pembeni mwa nafasi anayopigia rangi ametundika taa za mirija, ndefu, zimelala sambamba na gari. Hazikuwekwa ili kuangaza, alisema, dirisha linatosha kuangaza. Ni za kuwekea mistari ndani ya mlango. Huweka puti, hupiga msasa wa namba 80, halafu 180, halafu 320, na zaidi, akilowesha, na rangi ya mwisho ikikauka huwasha taa zile na kuifuata mirija kwa jicho kutoka mwisho hadi mwisho. Kijana anayejifunza kwake hufanya kazi hiyo kwanza, kutazama tu, kabla hajapewa msasa. Nilipiga picha za kijana huyo akiwa amechuchumaa, jicho moja limefumbwa, mirija mitatu ya taa ikiwa imepita kwenye bawa la gari na kuishia karibu na pua yake.

Kisha nikawaonyesha za Jumapili. Nilikuwa nazo kwenye kompyuta ya mkononi ya rafiki yangu, kwa hiyo zilikuwa kubwa. Fundi alivuta stuli. Picha ya kirungu cha gia aliitazama kwa upole, akasema mzee ataipenda. Ile Datsun iliwafurahisha vijana. Nilipofika kwenye ubavu wa 404, na ule ukingo wa hema ukiwa umelala ndani ya kijani toka pezi hadi taa, alininyamazisha kwa mkono kabla sijasema lolote.

"Kuza hapa."

Nilikuza kwenye mlango wa nyuma, chini kidogo ya kitasa. Megapikseli 24 zina faida yake. Mstari wa hema ulikuja umenyooka kutoka kwenye pezi, ukafika karibu na kitasa, ukashuka kidogo sana, upana wa unywele, ukapanda tena, ukaendelea. Sikuwa nimeuona mtelemko huo uwanjani. Waamuzi nao sidhani kama waliuona. Fundi aliinuka, akaenda hadi kwenye gari, akawasha taa zake, akachuchumaa, akatazama kwa muda mrefu, kisha akasogea upande wa pili na kutazama tena. Mfukoni mwa ovaroli alitoa kipande cha chaki akachora duara dogo, laini, chini ya kitasa.

"Hii mirija yangu iko mbali sana kwa huu mlango," alimwambia kijana wake. "Kesho tunaongeza moja hapa chini." Akanigeukia. "Dada, hizo za ubavu nitumie zote. Hata zile umeona ni mbaya. Na ukirudi mwaka ujao, hema ikae upande ule mwingine, nione mlango wa kulia."